Bi Evarista wa Buguruni

Duka la Vyombo kwa Mektilda,
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam.
2 Oktoba

Dada yangu mpendwa Mektilda,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, mguu umeunyoosha juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, na si umesimama zizini ukigombana na ng'ombe. Nyonga inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi ilifika? Fortunata aliniambia mvua za vuli bado hazijaonyesha dalili na migomba ya kihamba cha chini imeanza kuinama. Niliumia, maana najua unavyoijua migomba ile mmoja mmoja, kama watu wengine wanavyowajua wajukuu wao. Mimi ni mzima, ila mafua kidogo ya vumbi la Kariakoo, na moyo ambao habari zake nitakueleza hapa chini.

Najua utashangaa kuona bahasha, wakati juzi tu tumeongea. Lakini simu zetu zote hupitia mkononi mwa Fortunata. Yeye ndiye anayepokea, anayekuwekea sauti ya juu, anayekusomea ujumbe, na kwa kuwa huyo mtoto wa kaka ana roho nzuri, huongezea na maneno yake ili ufurahi. Haya ninayoandika leo nataka uyasome mwenyewe, kwa miwani yako, mlango ukiwa umefungwa. Ukimaliza utaamua nani mwingine ayajue. Ni habari ya Bi Evarista wa Buguruni, mgeni uliyeniagiza nije naye nyumbani Krismasi hii. Nimelizungusha jambo hili mwaka mzima na zaidi. Nisamehe, siwezi kuanza naye moja kwa moja. Niache nianzie dukani, kama ilivyo kawaida yetu.

Duka lipo palepale, kati ya muuza mapazia na Girish wa sahani. Girish anakusalimu sana, na mkewe Shobhana bado anatuma chai saa nne asubuhi, na bado anaitia tangawizi ya kuua mtu. Kila mara anauliza utarudi lini. Mimi namjibu mguu ukipona, naye anatikisa kichwa, kwa sababu sote wawili tunajua mguu wa miaka sitini na nne haurudi kupanda ngazi za stoo ya Kariakoo. Mapazia yamepanda bei, barabara imechimbwa tena, na wamachinga wamefika hadi mlangoni petu, ukitaka kutoka nje ni lazima uruke ndoo za mtu.

Kilichobadilika ni mteja. Ulipoondoka miaka mitatu iliyopita, mteja alikuwa anaingia kwa miguu. Siku hizi anaingia kwanza kwa simu. Mtu yuko Kimara kitandani kwake, anaandika kwamba anatafuta chupa za chai Kariakoo, yanamtokea maduka ishirini na nyota zake, na kabla hajavaa viatu ameshaamua ashuke mtaa gani. Aliye Tunduma ndiyo kabisa, hatatuona sura maisha yake yote. Anasoma nyota na maoni, anatuma hela, mzigo unapanda basi. Sisi tulikuwa na maoni sita. Matano mazuri, ambayo Fortunata alikuwa anakusomea jioni mpaka ukayajua kwa moyo, na moja la nyota moja, la mama aliyelalamika kwamba chupa yetu ilimwaga chai kwenye begi la shule la mwanawe. Huyo sikumjibu. Nilikasirika, nikajiambia hakufunga vizuri. Na wale wa ghorofani waliofungua duka juzi tu walikuwa na maoni mia mbili, yote ya kuwasifu, kana kwamba hawajawahi kuuza hata bakuli moja lenye ufa.

Ndipo nikampata Vitalis. Ni mtu wa Songea, mpole, shati lake limepigwa pasi, ana chumba kwenye jengo moja la Posta, na kazi yake ni kuwatengenezea wafanyabiashara maoni. Usicheke dada, ndiyo kazi. Alinieleza kwamba ana watu wake wenye simu, ambao wataandika kwamba wamenunua kwangu na wameridhika, nyota tano, arobaini kwa jumla, ila yatatolewa kidogo kidogo ili yasitiliwe shaka. Akaniuliza msimu wangu wa wateja ni upi. Nikamwambia bila kufikiri kwamba ni mwishoni mwa Disemba, maana watu wananunua vyombo vya sikukuu. Akaandika kwenye daftari lake: kuanzia tarehe ishirini.

Sasa niambie, mimi niliyezaliwa Kibosho na kulelewa na wewe, nilisahauje kwamba tarehe ishirini Disemba kufuli letu huwa limeshalala? Mtaa mzima unajua. Hata wachukuzi wa mikokoteni wanajua kwamba Wachaga wakishapanda mabasi, Kariakoo inabaki na nusu ya milango. Vitalis hakujua, yeye kwao hawafungi. Mimi niliyejua nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Unakumbuka Krismasi hiyo, mwaka juzi. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori, Fortunata akawa anatusomea kwenye simu maoni mapya. Mmoja alisema leo amehudumiwa vizuri mno, mwingine akasema amefika asubuhi hii na wahudumu ni wachangamfu. Ukasimamisha kisu. Ukaniuliza, leo? Nani yuko dukani leo? Nikakujibu, ndizi mkononi, kwamba nimemwachia Girish funguo anatuuzia. Ukasema Mungu ambariki Girish, na kesho yake ukamwambia Fortunata apige simu umshukuru mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yako naomba simu ya Girish iwe imezimwa. Haikuzimwa. Girish akakujibu kwamba ni kawaida ya majirani. Funguo zilikuwa kwenye mkoba wangu, dada, chumbani kwako, chini ya kitanda.

Niliporudi Januari, Girish hakunipigia kelele. Aliniambia kwa upole kwamba amekaa ukuta mmoja na wewe miaka ishirini na mbili na hajawahi kukudanganya hata bei ya kijiko, na mara ya kwanza amelazimika kufanya hivyo kwa ajili yangu, mbele ya simu, mkewe akimsikiliza. Mwezi mzima chai ya saa nne haikuja. Hujui jinsi asubuhi inavyokuwa ndefu pasipo ile tangawizi.

Na kumbe aibu ilikuwa bado njiani. Kuna mama mmoja wa Upanga anaitwa Janki, anapika vyakula vya harusi. Tarehe ishirini na nne alikuwa anatafuta chupa kubwa kumi na mbili kwa haraka, akafungua simu, akaona watu wanatusifu asubuhi hiyohiyo, akaja na dereva mpaka mlangoni. Kufuli. Akaandika maoni yake, nyota moja, kwamba amesimama mbele ya duka lililofungwa huku anasoma sifa za watu waliohudumiwa humo ndani saa moja iliyopita, na anaomba kujua wamehudumiwa na nani. Mtu akayapiga picha akayatupa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mtaa wetu. Tukaitwa duka la majini. Vijana wakawa wakipita wanapiga hodi kwa adabu, wanauliza kama binadamu nao wanauziwa. Nilikuwa nacheka nao mlangoni, kisha naenda stoo kulia.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonivunja ni yule mama wa Temeke, mwuza uji, unamkumbuka, aliyenunua kwako chupa yake ya kwanza. Alikuwa ameandika zamani, kwa hiari yake, kwamba chupa yetu ndiyo iliyomsomeshea watoto. Baada ya picha ile kusambaa, mtu akamjibu hadharani kwamba na yeye amenunuliwa. Alikuja dukani na khanga yake kichwani, akasimama, akaniuliza kwa nini anaitwa mwongo wakati chupa anayo, na uji anauza, na watoto wapo. Niliona kwamba kwa kununua sifa za uongo nimemharibia mtu sifa yake ya kweli, aliyonipa bure.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Girish mwenyewe, nikakaa juu ya boksi la sahani, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nifute maoni niliyonunua, niseme wazi kwamba nilinunua, kisha nianze upya na mteja anayesimama mbele yangu, hata kama ni mmoja. Nilimwambia nikisema wazi nitachekwa. Akaniuliza sasa hivi ninafanywa nini. Basi nikaandika kwenye ukurasa wa duka kwamba maoni ya Disemba yalikuwa ya kununua, tumeyaondoa, tunaomba radhi. Vitalis alihangaika wiki mbili kuyafuta yote arobaini, na sikumlaumu, alifanya nilichomtuma.

Baada ya hapo nikarudia kazi yako. Unakumbuka ulivyokuwa unachemsha maji kila asubuhi, unajaza chupa moja ya kila aina, unabandika karatasi yenye saa uliyoyatia, na mteja akija mchana unamwambia ajimiminie mwenyewe ahukumu? Ulipoondoka niliacha, kwa sababu kaunta inalowa na umeme unaliwa. Sasa birika linachemka tena. Aina mbili za chupa nimeacha kuziuza kabisa, maana saa saba mchana zilikuwa zimepoa nami nilikuwa naziuza kwa kiapo. Yule mama wa begi la shule nilimtafuta nikamrudishia chupa nzima, akacheka, mtoto mwenyewe siku hizi yuko sekondari. Na kila anayenunua ninamwambia kwamba akishaitumia wiki mbili aandike alichokiona, kizuri au kibaya, mimi nitajibu. Simpi zawadi wala simpunguzii bei ili aseme vizuri.

Janki alirudi, dada. Nilimpigia mimi, nikamwomba aje ajaribu mwenyewe. Alikaa tangu asubuhi mpaka saa nane mchana anamimina na kugusa kama mkaguzi. Alinunua kumi na mbili, akatuandikia nyota nne, akasema chai inabaki moto mpaka saa nane lakini kifuniko ni kigumu, mama mkwe wake hawezi kukifungua. Nilimjibu ni kweli, ni kigumu. Mwalimu mmoja wa Njombe, Eliakimu, alitupa nyota tatu kwa sababu mpini ulikatika. Nikamtumia mwingine, akaongeza mstari kwamba umefika. Na hebu sikia hili: bwana mmoja wa Tunduma ameagiza katoni nzima, nilipomuuliza amenipataje, akasema alipoona nimekubali kwamba kifuniko ni kigumu, akaamini na mengine. Leo tuna maoni kumi na tisa tu, nyota nne na kidogo. Hatujatajirika, ila ninalala. Na nikiyasoma najua uso wa kila aliyeandika. Chai ya Shobhana nayo imerudi.

Sasa nimefika kwa Bi Evarista, na mkono umekuwa mzito.

Unayakumbuka kuliko mimi maneno yake, katika yale maoni matano mazuri, lakini niache niyaandike. Alisema alikuwa akija dukani enzi za dada Mektilda, ambaye alikuwa anakupa kiti kwanza kabla hajakuuliza unataka nini. Kwamba sasa hayupo, na kila akipita pale anamtafuta kwa macho, hata akijua hatamwona. Kwamba mdogo wake anajitahidi, lakini duka limekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Fortunata aliniambia ulimtaka ayarudie mara tatu, kisha ukaenda kihambani peke yako na fimbo yako, ukakaa huko mpaka jua likazama. Tangu hapo hujapiga simu hata mara moja usiniulize Evarista hajambo. Ukasema kwa kuwa mimi nami nimepanga Buguruni, yeye ni jirani yangu, nikae naye vizuri. Ukamtumia mkungu wa ndizi kwa basi, nikaupokea stendi Mbezi, nikakuambia ameshukuru sana na amepika mtori. Ukamwombea misa ya shukrani, Padri akamtaja kwa jina, Evarista wa Buguruni, kanisa zima likaitikia. Mwaka jana ukataka nije naye Krismasi. Nikakuambia anaumwa, na mimi naumwa, nikabaki. Sikuwa naumwa, dada. Ilikuwa Krismasi yangu ya kwanza nisiyoila nyumbani. Nilitoka kanisani nikarudi chumbani, nikawasha redio ili watu wa nyumba wasijue kwamba niko peke yangu.

Vitalis alifuta arobaini. La Bi Evarista hakulifuta, kwa sababu halikuwa lake.

Bi Evarista hayupo. Jina nililiokota kwenye kibao cha saluni. Maneno niliandika mimi, kwa vidole vyangu, wakati wa masika ya mwaka juzi, siku Jangwani ilipojaa maji hakuna mteja aliyevuka kutoka Magomeni. Nilikuwa nimekaa dukani tangu asubuhi sijaongea na mtu. Nilikuwa nimegeuka mara mbili kukuuliza bei ya sufuria namba ishirini na nne, kwa mdomo kabisa, nimefungua na kuita dada, nikakumbuka. Nikachukua simu, nikaandika. Ndizi zile nilipika mimi, nikala mimi, siku tatu mfululizo, na chumvi sikuhitaji kutia.

Utauliza kwa nini sikukuambia wewe mwenyewe. Dada, sisi kwetu tunaambiana hayo lini? Ulinichukua nina miaka sita, mama akiwa bado hajamaliza arobaini kaburini, ukanileta mjini, ukanisomesha kwa sufuria na vijiko, na siku unaondoka ulinipa funguo ukaniambia nisikopeshe ovyo. Nikasema sawa. Basi likaondoka. Ningekuwekaje kwenye simu, Fortunata akisikiliza, nikuambie kwamba nakutafuta kwa macho? Ungeniuliza kama nimekula, na kama nimefunga duka mapema. Bi Evarista alikuwa mtu mzima, mgeni, angeweza kusema.

Na hili nalo ulijue, kwa sababu nimeamua nisibakize kitu. Nilikwambia juu kwamba nilimwendea Vitalis kwa ajili ya wateja. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliposikia ulivyolia kwa maneno ya Evarista, ulivyoanza kula vizuri na kuuliza habari za duka, niliona kumbe kuna mlango wa kukufikia. Nikataka wawe wengi. Nikataka kila jioni Fortunata akusomee mtu mwingine, ili usitutoe moyoni. Wale arobaini hawakujua hata jina lako, wote walisema huduma nzuri, bei poa. Nilinunua watu wa kukukumbuka, dada, nikapewa watu wasiokujua.

Lile la Evarista bado lipo kwenye ukurasa. Mara tatu nimelibonyeza ili nilifute, simu inaniuliza kama nina hakika, narudi nyuma. Limebeba jina la uongo na linatudanganya sote, najua, na mama wa Temeke hastahili kukaa ukurasa mmoja nalo. Leo nikiifunga bahasha hii nitalifuta. Kwa hiyo maneno yake hayatakuwepo tena popote isipokuwa hapa, kwenye karatasi, na hapa yana jina la mwenyewe. Kila neno lilikuwa la kweli, na bado ni la kweli.

Utakasirika. Una haki. Ulimpenda mtu, ukampa ndizi zako na sala zako, na mimi nilikuwa nakuitikia kwa sauti yake. Sijui kama Padri anaweza kuihamisha misa iliyokwisha kusomwa. Kama haiwezekani, basi usimwombee tena Evarista. Niombee mimi.

Msalimie Fortunata, mwambie simu yake haijakosa kitu, ni mimi tu nilitaka kalamu. Wasalimie wa jumuiya, na ng'ombe umpe pole zangu. Girish na Shobhana wanasema wanakuombea kwa namna yao. Mabasi ya Disemba yameanza kujaa na sijakata tiketi, nangoja neno lako, kwa mkono wako mwenyewe, hata likiwa moja. Ukisema nije, nitakuja, ila Bi Evarista ndiye huyu; hakuna mwingine wa kuja naye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Jovitha